Majina Matatu ya Upande wa Kulia

Vijana wangu, simu zenu nazipokea. Karibu kila wiki mmoja wenu hunisalimu shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ananimwagia shida yake: "Mzee, mashine yangu ya CNC, hii ya kuchonga kwa kompyuta, inachonga vibaya. Upande wa kushoto inazama, upande wa kulia inakwaruza kama kuku. Nifanyeje?" Nami huuliza, umepima nini? Mnanijibu kwamba mmeweka pimamaji mezani na meza imelala sawasawa. Kosa hilo nililifanya kabla yenu, na lilinipeleka mpaka Kwihara.

Naitwa Maganga. Nilikuwa seremala, karakana yangu ilikuwa Kanyenye, na sasa nimestaafu nakaa Itetemia kwa sababu mgongo umekataa kuinama juu ya meza. Nitawaambia habari za mashine, lakini itabidi mnivumilie nikimtaja sana mtu mmoja. Kwangu mambo hayo mawili hayatengani.

Mtu huyo ni Sefu. Ni Mmanyema wa hapa hapa mjini. Babu zake walifika na misafara kutoka upande wa ziwa, wakapapenda, wakabaki. Tulifanya kazi kwenye meza moja zaidi ya miaka thelathini. Mimi nilikuwa mtu wa kupima, kukata na kuunga. Yeye alikuwa mtu wa kuchonga. Maua, mizabibu, majina ya watu, yote yalipita mikononi mwake. Alikuwa akichonga huku mdomo umefumbwa na pua inaimba, wimbo usio na maneno, na ukisikia wimbo umekatika ujue patasi imekutana na fundo la mti.

Siku moja tukiwa bado wageni wa kazi nilijitia ujuzi. Sefu alikwenda kuswali adhuhuri, nami nikasema nimpunguzie kazi. Kulikuwa na kitanda cha maharusi, kichwani pachongwe HERI YA NDOA. Nikachonga. Aliporudi alisimama juu ya ule ubao, akasoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Maganga, huyu bwana harusi anaoa au anakwenda kuteka maji?" Nilikuwa nimechonga HERI YA NDOO.

Hakunifokea. Aliikata ile herufi ya mwisho ikawa tundu la mraba, akatafuta kipande kilichobaki cha ubao ule ule, akakigeuzageuza mpaka nyuzi za mti zikakutana na za ubao, akakitia gundi na kukiacha mpaka kesho yake. Ndipo akachonga A. "Kiraka kikifuata nyuzi," aliniambia, "jicho linapita bila kusimama." Shikeni hilo, litawafaa. Tangu siku hiyo, kila ikija kazi ya harusi Sefu aliniuliza kama ni ya ndoa au ya ndoo. Miaka thelathini mzaha ule ule. Nilishauchoka. Leo hakuna anayeniuliza.

Mashine ililetwa na binti yangu, Nyamizi, anayefanya kazi Dar es Salaam. Aliituma kwa basi ikiwa vipande ndani ya maboksi, kisha akaja likizo tukaiunga pamoja siku tatu. Ni mashine ndogo, meza yake haizidi mita moja na kidogo. Unaichorea kazi kwenye laptop, nayo inaishusha biti, ile ncha yake ya kukatia, na kuchonga ilivyoambiwa. Siku ya kwanza ilichonga ua. Sefu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaomba alishike. Alilipitishia kidole taratibu, akalirudisha.

"Imechonga vizuri," akasema.

Halafu akakaa kwenye kigoda chake, akazipaka patasi zake mafuta moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye kitambaa. "Maganga, naona nipumzike. Nyumba ya mama kule Kwihara inaanguka. Niende nikaishikilie."

Niliumia, wanangu. Nilidhani amenidharau, mimi na mashine yangu. Sikumuuliza neno, naye hakuongeza. Kwihara si mbali, bodaboda inakufikisha hata hujachoka kukaa, lakini kiburi hakipandi bodaboda. Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza, sikwenda.

Katika mvua hizo alikuja Mama Kalunde kutoka Nzega. Alikuwa mama mtu mzima, mkulima, anaongea polepole. Alibeba mbao mbili za mninga zilizofungwa kwenye kanga, kila moja urefu wa mita moja, nyeusi kwa moshi upande mmoja. Zilikuwa za mlango wa tembe la baba yake. Nyumba ilikuwa imebomoka, na mbao hizo ndizo zilizobaki. Alitaka ubao mmoja uchongwe majina ya wazazi wake, na wa pili majina ya watoto wao wote kumi na mmoja, zitundikwe kwenye nyumba mpya ambapo ukoo ungekutana Jumapili.

"Hawa watatu wa mwisho walikufa wadogo," alinionyesha kwenye karatasi. "Mihayo, Tatu na Kasubi. Wajukuu hawawajui. Ndio hasa ninaotaka waonekane."

"Utawaona, mama," nikamwambia. "Njoo Ijumaa."

Nilianza na ubao wa watoto. Nikaulaza mezani, nikaubana, nikaiwasha mashine, nikatoka kununua chai. Hilo ni kosa la kwanza, na nawaomba lisiwe lenu: usiiache mashine ikichonga kitu ambacho hakina cha pili. Niliporudi ilikuwa imemaliza. Majina ya kushoto yalizama na kunenepa, maana biti yenye ncha kama ya penseli ikishuka zaidi hupanua herufi. Ya katikati yalikuwa mazuri. Kulia kabisa, pale walipokuwa wale watoto watatu, palikuwa na mkwaruzo tu, kama mtu amepitisha ukucha. Ukisimama mbali kidogo huoni kitu.

Nilikaa chini. Kuupiga randa na kuanza upya nisingeweza, kwa kuwa randa ingeondoa ule weusi wa moshi, na weusi huo ndio nyumba ya baba yake.

Nikampigia Nyamizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mashine yako imeniaibisha."

Akacheka, kisha aliposikia sauti yangu akaacha. Akaniuliza mambo kwa utaratibu. Biti imelegea ikateleza? Nikaikaza, haikuwa imelegea. Skrubu inayopandisha na kushusha kichwa cha mashine inacheza? Nikaishika na kuitikisa, haikucheza. Umeme ulikatika katikati ya kazi? Hilo nalo likumbukeni: umeme ukikatika na kurudi, mashine inaweza kusahau sifuri yake, yaani pale inapoanzia kuhesabu kina, na ni lazima uipange upya. Lakini siku hiyo umeme haukukatika.

"Basi baba, ule ubao wa chini, wa kulalia kazi, uliusawazisha? Unatakiwa uufunge pale mezani, uweke biti pana, mashine yenyewe iuparuze wote."

"Huo ni mpya," nikasema. "Na meza nimeipima kwa pimamaji. Imelala."

"Pimamaji sio, baba."

Nikamwambia simu inakata. Haikuwa inakata. Nilikuwa seremala kabla hajazaliwa, nikaona haiwezekani anifundishe nini kimelala na nini hakijalala.

Jumatano asubuhi niliufunga ubao kwenye gunia, nikapanda bodaboda kwenda Kwihara. Mpaka leo sijui kama nilikwenda kuomba msaada au kuomba mtu wa kuumia naye.

Sefu alikuwa barazani anamenya karanga. Nilipobisha hodi aliinua uso lakini hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu kidogo.

"Maganga," akasema. "Umechelewa."

"Nilikuwa na kazi."

"Sijasema umechelewa kwa kazi."

Nikaketi. Sikujua nianzie wapi, nikafungua gunia na kumwekea ubao mapajani. Nikamweleza. Akapitisha viganja vyote viwili, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu sana, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye homa. Akafika mwisho, akarudi, akasimamisha kidole.

"Hapa pameandikwa Mihayo."

Mimi mwenyewe nilihitaji kuuinamisha ubao juani ndipo nisome pale. "Umeonaje?"

"Sijaona." Akaendelea na kidole. "Tatu. Na huyu Kasubi."

Binti wa jirani alikuwa ametuletea uji. Sefu alinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukapita hewani, ukarudi, ukatafuta, ukakipata. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona haya kubwa kuliko ile ya ubao.

"Tangu lini, Sefu?"

"Lile jicho la kushoto siku nyingi. La kulia tangu mwaka ule tulipochonga milango ya yule mwalimu. Hospitali waliniambia ni presha ya macho, nuru iliyokwenda hairudi. Mistari yako ya penseli ilianza kunitoroka. Nilikuwa nachonga kwa kumbukumbu."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha na mashine yako. Nikasema afadhali, imekuja kwa wakati wake. Ningebaki pale ningekata kidole, au ningeharibu kazi ya mtu, na wewe usingethubutu kunifukuza."

"Nilidhani umenidharau."

"Najua ulivyodhani," akasema. "Nami nilidhani utakuja uniulize."

Tulikunywa uji. Kisha akausogeza ubao, akaweka ukucha ndani ya ule mkwaruzo wa jina la Mihayo, akaufuata kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Maganga," akasema, "mstari huu naushika."

Akaingia ndani akatoka na patasi zake ndani ya kitambaa kile kile.

Tuliporudi Kanyenye alitaka kwanza kuijua shida ya mashine. Mimi nilitaka aanze na majina, maana Ijumaa ilikuwa inakuja. Akakataa. "Ukitibu kidonda bila kujua kilichokukata, utakatwa tena." Akaniambia niondoe kila kitu mezani nibakize ule ubao wa kulalia kazi, kisha nichane kipande cha gazeti.

Hii ndiyo njia, wanangu, na haihitaji macho. Ishusheni biti taratibu katikati ya ubao mpaka iguse karatasi, karatasi iteleze kwa shida kidogo. Andikeni namba ya kina inayoonekana kwenye skrini. Inueni biti, ipelekeni pembe moja, iteremsheni mpaka namba ile ile, jaribuni karatasi. Fanyeni hivyo pembe zote nne. Ikibanwa, hapo pameinuka. Shukeni polepole msije mkavunja ncha. Ikipita bila kuguswa, hapo pamezama. Mimi niliendesha mashine, Sefu alishika karatasi. Kulia ilipepea. Kushoto, hata hatujafika kwenye namba, biti ilikwisha kuipigilia karatasi kama msumari.

Sefu akaweka kiganja kwenye ukingo wa kushoto wa ubao ule. "Huu umekunywa maji," akasema.

Nikatazama juu. Bati lilikuwa na tundu dogo la msumari. Ule ubao wa kulalia ni MDF, unga wa mbao uliogandamizwa, nao ukilowa huvimba na haurudi. Matone ya mvua yalikuwa yakiangukia kushoto siku zote hizo, nami nilikuwa napita na kitambaa nikifuta juu na kuona nimemaliza. Ulikuwa umevimba milimita mbili tu. Kwa kuwa sifuri niliipanga katikati, milimita mbili zilitosha kuwainua watoto wa kushoto kuelekea kwenye biti na kuwaacha wale watatu mbali nayo.

Na pimamaji? Ilisema kweli yake. Nilikuwa nimeiweka katikati ya meza, juu ya chuma, mahali ambapo pamelala. Lakini mashine haijali dunia imelalaje. Unaweza kuiegesha meza nzima kwenye mteremko na ikachonga sawa. Inachotaka ni uso wa ubao na njia ya biti vifuatane, basi. Nyamizi aliniambia hivyo kwa maneno mawili nami nikamkatia simu. Nilimpigia baadaye nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha baba. Umeziba bati?"

Nilikuwa sijaziba. Nikaziba, nikafunga MDF mpya, nikaweka biti pana, mashine ikauparuza wote mpaka ukawa na rangi moja kila mahali. Ukibaki na kisiwa ambacho biti haijakigusa, shuka kidogo tena. Kisha nikaulaza ubao wa wazazi, safari hii nikipiga brashi chini yake kwanza, maana hata unga kidogo wa mbao ukiwa chini ya kazi huinua upande. Nikasimama nayo mpaka mwisho. Ikachonga vizuri.

Sefu alikaa na wale watoto watatu Alhamisi kutwa na Ijumaa asubuhi. Kidole cha shahada cha kushoto kilitangulia kwenye mkwaruzo, patasi ikafuata nyuma yake. Akichonga kidogo, anapuliza, anapapasa. Nilijifanya nina kazi nyingine. Nilikuwa naogopa kumtazama na naogopa kutomtazama. Adhuhuri ya Alhamisi nilisikia kitu nikasimama na msasa mkononi. Pua yake ilikuwa inaimba.

Mama Kalunde alikuja Ijumaa saa tisa. Sikumficha. Nilimwambia ubao wa watoto ulikosewa, kosa ni langu, na hao watatu wamemaliziwa kwa mkono. Akainama. Alipitisha vidole kwenye majina yote, lake likiwa la nne, mpaka akafika kulia. Hapo akakaa muda mrefu. Herufi za Sefu hazikuwa sawa kabisa na za mashine. Kwenye kingo ungeweza kuona patasi ilipopumzika.

"Nani amewachonga hawa?"

"Mimi, mama," Sefu akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Akamtazama Sefu, akayaona macho yake, akaelewa bila kuambiwa. "Hawa wamepata mkono wa mtu," akasema. Akazifunga mbao zake kwenye kanga, na alipofika mlangoni alirudi akamshika Sefu mkono kwa mikono yote miwili, kama tunavyomshika mtu msibani au harusini.

Tangu hapo tulifanya kazi hivyo. Mashine nikaipangia ikwaruze nusu milimita tu, njia ya kutosha kidole, na Sefu akachonga kilichobaki. Mafundi wenzetu walitucheka: kununua mashine ya kompyuta halafu ukaizuia kuchonga. Wateja hawakucheka, walirudi. Ilikuwa miaka minne, na nikiulizwa ni ipi miaka yangu mizuri ya kazi, sitaji ile thelathini ya kwanza.

Mwaka wa nne Sefu alianguka kwenye ngazi ya nyumba ya mama yake, akateguka nyonga. Binti yake anaishi Ujiji. Akaja, akakaa siku mbili, akamchukua. Hakukosea. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza stesheni, tukaongea habari za mvua mpaka treni ikaondoka. Watu wazima wawili, habari za mvua.

Mgongo wangu nao haukukawia. Karakana ameichukua fundi mwingine, mashine ameichukua Nyamizi. Mimi nimebaki na ubao mmoja. Tulikuwa tumechonga milango ya watu miaka yote hiyo, ya kwetu haikuwa na hata ua, basi tukaanza kuutengeneza ubao wa kuweka juu ya mlango wa karakana: mzabibu wenye maua kumi na sita. Mashine ilikwaruza yote. Sefu alifika ua la saba. Mengine tisa yapo, ukiuinamisha ubao dirishani unayaona. Niliwahi kushika patasi nijaribu la nane. Nikaiweka chini.

Juzi alipiga simu. Binti yake humshikia.

"Ule ubao uko wapi?"

"Uko chini ya kitanda changu."

"Nani kaumalizia?"

"Hakuna. Na mlango wenyewe sasa si wetu, Sefu."

"Nimekuuliza mlango?" Nikasikia pumzi yake na watoto wakicheza huko alipo. "Ulete. Ulete kabla vidole navyo havijapofuka."

Treni ya Kigoma inapita hapa keshokutwa. Nyamizi ananishauri niutume ubao kwa basi, nisiuchoshe mgongo. Nimemwambia mgongo utapumzika Ujiji.